Kwa nini manowari za Urusi zinaihitaji ruhusa ya Uturuki

Ikitajwa Urusi kuvutana upya na nchi za NATO, wengi hufikiria makombora ya nyuklia. Mimi ninayefundisha sheria ya bahari hutazama Bosporus, mlango wa bahari unaoligawa jiji la Istanbul. Palipo pembamba kabisa, upana wake ni kama mita 700. Manowari (meli ya kivita) kubwa iliyoko Sevastopol, kituo cha jeshi la majini la Urusi kwenye Bahari Nyeusi, haina njia nyingine ya kufika Mediterania.

Mwenye ufunguo ni Uturuki, kwa Mkataba wa Montreux wa 1936. Wakati wa amani, manowari za nchi zisizopakana na Bahari Nyeusi haziruhusiwi kukaa humo zaidi ya siku 21, na jumla ya tani zake ina kikomo. Ndiyo maana mwaka 2008, baada ya vita vya Urusi na Georgia, nchi inayopakana na Bahari Nyeusi, Marekani haikuweza kupitisha meli zake kubwa za hospitali, ikatuma misaada kwa meli ndogo.

Vita vikizuka, kifungu cha 19 kinazifungia njia manowari za pande zinazopigana, isipokuwa zile zinazorudi kituo chao cha nyumbani. Moscow ilikijua vizuri. Tarehe 8 na 9 Februari 2022 ilipitisha meli 6 za kushushia vikosi ufukweni, tena mchana kweupe, huku wapiga picha wa Istanbul wakizinasa moja baada ya nyingine. Wiki mbili baadaye ikaivamia Ukraine, na kabla mwezi haujaisha Uturuki ikafunga.

Moskva, manowari kuu ya Urusi kwenye Bahari Nyeusi, ilipozama Aprili mwaka huohuo, Urusi ilikuwa na meli mbili za aina ileile, Varyag na Marshal Ustinov, hapo hapo Mediterania. Hazikuweza kuingia kuziba pengo.

Ngano bado inapita, hata hii ya Urusi na Ukraine inayoshushwa Mombasa na Dar es Salaam, kwa sababu meli za biashara zina kanuni zao.

Je, Urusi ndiyo iliyobanwa? Kwa meli, ndiyo. Lakini sidhani kama inalalamika sana, maana Uturuki iliziomba nchi zote zisilete manowari, na manowari za NATO kutoka nje ya Bahari Nyeusi nazo zikabaki nje. Januari 2024 Uingereza ilitaka kuipelekea Ukraine meli mbili za kutegua mabomu ya majini. Uturuki, mwanachama mwenzake wa NATO, ilizikatalia kupita hadi vita viishe.