Je, wajua ni kwa nini Kariakoo, mtaa wa kulala vibarua, uligeuka duka la nchi nzima?

Karibu kila aliyesoma Tanzania amewahi kuambiwa jina la Kariakoo limetoka wapi. Ni Carrier Corps, kikosi cha wapagazi wa jeshi la Waingereza katika Vita Kuu ya Kwanza, jina lililopita katika ndimi za wenyeji likatoka limeshavaa kanzu. Hilo halina ubishi, na Nairobi nao wana Kariokor yao ya asili hiyohiyo.

Swali lisiloulizwa sana ni jingine. Wapagazi walibeba, hawakuuza. Na walipoondoka, eneo lile halikukusudiwa kuwa la maduka bali la nyumba za Waafrika. Ilikuwaje basi mtaa wa kulala watu ukageuka mahali ambapo mfanyabiashara wa Lubumbashi, Lusaka au Moroni anakuja kufunga mzigo?

Jibu langu ni neno moja: baraza. Lakini halieleweki bila kurudi nyuma kidogo.

Kabla ya vita Wajerumani waliigawa Dar es Salaam kwa rangi: Wazungu upande wa bahari, Wahindi katikati, Waafrika nyuma yao. Kwa ajili ya hao wa nyuma serikali ilinunua shamba la mlowezi mmoja na kuanza kuchora mitaa iliyonyooka kama rula. Katikati yake likasimamishwa jengo la soko. Vita vikafika kabla soko halijaanza kazi. Waingereza walipouteka mji mwaka 1916, wapagazi wao ndio waliowekwa pale. Vita vilipokwisha jengo likaanza kazi yake ya soko, na uwanja wa Mnazi Mmoja ukabaki wazi kuitenga Kariakoo na Uhindini.

Sasa tuingie ndani ya nyumba, maana siri iko huko.

Nyumba ya Kariakoo ya zamani ilikuwa ile tunayoiita nyumba ya Kiswahili: ukumbi mrefu katikati, vyumba vitatu kulia, vitatu kushoto, na nyuma ua wenye jiko na choo. Kuta zilikuwa za miti na udongo, juu makuti, baadaye mabati. Mwenye nyumba, ambaye wakati mwingine alikuwa mwanamke, alilala chumba kimoja na kupangisha vilivyobaki. Familia sita chini ya paa moja, zote zikipita mlango mmoja wa mbele. Na mbele ya mlango huo, mguu mmoja kutoka barabarani, palikuwa na baraza.

Baraza haikujengwa kwa biashara. Ilikuwa ya kukaa, kucheza bao, kupunga upepo wa jioni na kupokea mgeni ambaye hakustahili kuingizwa ndani. Lakini ilikuwa na paa, ilikuwa na kivuli, na haikuwa na kodi ya duka. Fundi cherehani alihitaji nini zaidi? Aliweka mashine yake pale asubuhi, jioni akaiingiza ukumbini. Kinyozi alikuja na kiti na kioo cha kutundika ukutani. Fundi saa alikuja na kimeza chake na lenzi ya jichoni. Mwanamke wa chumba cha uani akatoa karai la mafuta na kuanza kuchoma maandazi. Hakuna aliyejenga duka, ila mtaa mzima ukawa na maduka.

Upande wa pili wa jambo hili ulikuwa mfuko wa mnunuzi. Wanaume wengi wa Kariakoo walifanya kazi bandarini, reli na kwenye nyumba za Wazungu, na wengi walilipwa kwa kutwa. Neno kibarua lenyewe ni barua ndogo, yaani kikaratasi alichopewa mfanyakazi wa siku kuhesabia siku zake. Mtu wa kipato hicho hanunui gunia. Hununua kibaba cha unga, mafuta ya taa ya kujaza koroboi usiku mmoja, sukari ya chai ya asubuhi, na kesho anarudi tena. Wateja wa namna hiyo hawawezi kuhudumiwa na duka kubwa lililo mbali. Wanahitaji maduka madogo mengi, kila moja hatua chache kutoka mlangoni, na muuzaji anayewajua kwa majina ili aweze kukopesha hadi mshahara. Ndiyo maana duka la kona lilidumu, na ndiyo maana muuza kahawa hakuhitaji duka kabisa: alitembea na birika juu ya mkaa, akigonganisha vikombe, na baraza zikamjia zenyewe.

(Wanaouita uchumi wa aina hii "usio rasmi" hunichekesha kidogo. Ulikuwa na kanuni kali kuliko benki. Asiyelipa deni alijulikana mtaa mzima kabla ya adhana ya magharibi.)

Biashara hizo ndizo zilizolea siasa pia. Miaka ya mwanzo ya 1950, Abdulwahid Sykes, mmoja wa viongozi wa TAA, chama kilichoitangulia TANU, alikuwa msimamizi wa soko la Kariakoo. Ofisi ya chama ilikuwa New Street, ambayo leo ni Mtaa wa Lumumba, na hapo ndipo TANU ilipozaliwa tarehe 7 Julai 1954. Miongoni mwa wazee waliomshika mkono Julius Nyerere alikuwemo Mshume Kiyate, mfanyabiashara wa samaki sokoni. Mpira nao haukuwa mbali: Yanga ya mwaka 1935 na Simba ya mwaka 1936 ni watoto wa eneo hilihili, mmoja bado anaitwa wa Jangwani, mwingine wa Msimbazi.

Soko la Wajerumani lilivunjwa, na mwaka 1975 likafunguliwa lile tunalolijua, kazi ya Beda Amuli, mbunifu majengo Mtanzania. Paa lake ni kama miavuli iliyogeuzwa, inayokinga maji ya mvua na kuyashusha kupitia nguzo hadi kwenye matangi ya chini. Ukiniuliza mimi, ni jengo lenye akili kuliko mengi yaliyoota kulizunguka. Moto uliliunguza Julai 2021.

Ajabu ni kwamba lilifunguliwa wakati biashara ya mtu binafsi ikitazamwa kwa jicho baya. Mwaka 1976 ikaja Operesheni Maduka, hasa vijijini, ya kufunga maduka ya watu binafsi ili ushirika ushike nafasi. Mwaka 1983 wakasakwa walanguzi na wahujumu uchumi. Sabuni ikawa bidhaa ya kunong'onezana. Mwaka 1984 serikali ililegeza kamba kwa kuwaruhusu wenye fedha zao za kigeni kuagiza bidhaa, na mwaka uliofuata akaingia Ali Hassan Mwinyi, ambaye watu walimpa jina la Mzee Ruksa. Marobota ya mitumba yakashuka bandarini, na mahali palipokuwa tayari kuyapokea ni pale ambapo kila nyumba ilikuwa na baraza, kila baraza ilikuwa na mchuuzi, na stesheni, bandari na stendi za mabasi zote zilikuwa karibu.

Hapo ndipo nyumba yenyewe ilipoliwa na baraza yake. Kwanza chumba cha mbele kilitobolewa mlango wa barabarani kikawa duka. Kisha cha pili. Mwenye nyumba akagundua kwamba chumba kinachotazama barabara kinalipa kuliko vyumba vyote vya uani. Akaja mwenye mtaji, wakaelewana, nyumba ikabomolewa na ghorofa ikapanda juu ya kiwanja kilekile kilichopimwa kwa ajili ya familia sita. Chini zikapangwa fremu, yaani vyumba vya maduka. Fremu ya Kariakoo hupati kwa kodi tu. Mara nyingi hutolewa na kilemba, fedha ya kumwondoa aliyekutangulia, na dalali naye hali upepo. Novemba 2024 moja ya maghorofa hayo liliporomoka na kuua watu zaidi ya 20.

Baraza haikufa, hata hivyo. Ilisogea mbele kidogo, ikashuka barabarani. Tazama Mtaa wa Kongo saa nne asubuhi: mwenye fremu amekaa ndani na mzigo, na nje, juu ya turubai, kijana anauza mzigo uleule aliouchukua mali kauli, yaani kwa ahadi ya kurudisha fedha jioni. Mmoja ana kuta na kodi, mwingine ana sauti na miguu. Hugombana mchana, lakini hakuna anayeweza kumaliza mzigo bila mwenzake.

Kijana huyo tunamwita machinga. Jina hilo linatokana na Wamachinga wa mkoa wa Lindi, kwa sababu vijana wa kusini walikuwa miongoni mwa wa kwanza kuonekana wakitembeza bidhaa mikononi mjini. Sasa soma vibao vya mitaa anayotembea. Mtaa wa Narung'ombe. Mtaa wa Mahiwa. Na upo uliokuwa Mtaa wa Tandamti. Majina hayo yote matatu yametoka Lindi. Ni mahali ambapo mwaka 1917 Waingereza na Wajerumani walipigana: Tandamti Agosti, Narung'ombe Julai, Mahiwa Oktoba, vita vya siku nne ambavyo ni kati ya vilivyomwaga damu nyingi kuliko vyote Afrika Mashariki. Chakula na risasi zilifika huko vichwani mwa wapagazi.

Tandamti siku hizi ni Mtaa wa Mshume Kiyate, kwa jina la yule muuza samaki. Mahiwa na Narung'ombe wamebaki na majina yao, na mchuuzi aliyetoka Lindi na begi la soksi begani hupita chini ya kibao chenye jina la kwao, akielekea barazani kwa mtu.