Kusubu si kutupa

Nimekutana tena na tangazo la sufuria nyekundu ya Kidenmaki, yenye kishikio cha msalaba juu ya mfuniko, likisema kwamba imetengenezwa kwa "chuma cha kutupwa". Kuna makosa mawili hapo: moja ni la lugha, la pili ni la chombo chenyewe.

Chuma cha kusubu ni chuma chenye kaboni nyingi, takriban asilimia 2 hadi 4, kinachoyeyushwa na kumiminwa katika kalibu, aghalabu ya mchanga, kikapoa humo na kutoka kikiwa na umbo lake.

Kitenzi kusubu kina asili ya Kiarabu, ambako maana yake ni kumimina, na neno kalibu limetoka huko huko. Sonara anayemimina dhahabu iliyoyeyuka katika kalibu anasubu, wala hatupi kitu. "Kutupwa" kumezaliwa na tafsiri ya neno kwa neno ya kitenzi cha kigeni chenye maana zote mbili, ilhali kwa Kiswahili kitu cha kutupwa ni taka. Kusubu kutengwe pia na kufua, kwa kuwa mhunzi hakiyeyushi chuma, bali hukipasha moto hadi kiwe chekundu, kisha hukigonga kwa nyundo. Chuma cha kusubu hakivumilii nyundo, hupasuka.

Tofauti hiyo inaonekana vizuri kwa Timo Sarpaneva, msanifu wa Ufini ambaye babu yake alikuwa mhunzi, lakini ambaye sufuria yake ya mwaka 1960, aliyoisanifu kwa kampuni ya Rosenlew, ni ya kusubiwa. Mpini wake wa mti uliopinda hupita katika masikio mawili ya sufuria. Mpishi huuchomoa, akaingiza ncha yake katika kishikio cha mfuniko na kufunua chakula bila kuungua mkono. Ni kazi nzuri mno, na mwaka 1998 Ufini iliiweka kwenye stempu ya posta.

Sufuria ya tangazo ni ya Jens Quistgaard, aliyeisanifu katika miaka ya 1950 kwa kampuni ya Dansk. Quistgaard alisanifu pia vyombo vya kusubu, na nadhani mkanganyiko umeanzia hapo, lakini hii ni ya bamba jembamba la chuma lililopakwa enameli. Enameli ni kioo kilichoyeyushwa juu ya chuma, nayo hushika juu ya bamba kama inavyoshika juu ya chuma cha kusubu, kwa hiyo rangi haimwambii mnunuzi kilichomo chini yake. Aushike ukingo: wa kusubu ni mnene na mzito, wa bamba ni mwembamba.

Muuzaji hana haja ya kupunguza bei, kwani sufuria yake ni ya thamani kama ilivyo. Aandike tu "bamba la chuma lenye enameli", na siku atakapopata ile ya Sarpaneva, aandike "chuma cha kusubu".