Je, wajua kwa nini tuzo nyingi za Grammy hutolewa kabla runinga haijaanza kuonyesha?

Jumatatu ya tarehe 5 Februari 2024 niliamka saa kumi kasorobo alfajiri, nikachemsha chai, nikapunguza sauti ya runinga nisije nikawaamsha watoto, nikakaa kungoja. Kwa mara ya kwanza Grammy walikuwa wameweka kipengele cha muziki wa Afrika, nami nilitaka kuona bahasha ikifunguliwa. Waliokuwa wakiwania ni Burna Boy, Davido na Musa Keys, Asake na Olamide, Ayra Starr, pamoja na binti wa Johannesburg, Tyla. Nikangoja wimbo baada ya wimbo, tangazo baada ya tangazo. Kushika simu, nakuta Tyla keshashinda na keshashukuru. Tuzo niliyoiamkia ilikuwa imetolewa usiku uleule nikiwa nimelala.

Kumbe hafla ni mbili. Ya kwanza ilianza saa sita na nusu mchana kwa saa za Los Angeles, yaani saa tano na nusu usiku kwetu, katika ukumbi wa Peacock Theater, na ilirushwa mtandaoni. Ya pili, ile ya zulia jekundu iliyorushwa na CBS, kituo cha runinga cha Marekani, ilianza saa kumi na moja jioni kwao, katika uwanja wa jirani. Mwaka huo tuzo zilikuwa 94. Zilizotolewa mbele ya kamera za CBS hazikuzidi sana kumi.

Piga hesabu uone. Ukitoa dakika mbili kwa kila tuzo, kusoma majina, mshindi kuinuka, kukumbatiana na jirani, kumshukuru mama na Mungu, tuzo 94 zitakula dakika 188. Hizo ni saa tatu na dakika nane. Kipindi chote ni kama saa tatu na nusu, na hapo hakuna aliyeimba hata ubeti mmoja wala tangazo la biashara lililopita.

Mwanzoni tatizo hili halikuwepo. Hafla ya kwanza, Mei 1959, ilikuwa na tuzo 28, na watu walikusanyika hotelini. Runinga ilianza kuionyesha mubashara mwaka 1971, na CBS wakaichukua mwaka 1973. Vipengele vikaongezeka hadi 109 mwaka 2011, vikapunguzwa kufika 78 mwaka uliofuata, kisha vikaanza tena kuota kama uyoga.

Lakini wingi wa tuzo peke yake hauelezi kila kitu. Runinga huilipa Recording Academy, taasisi inayotoa tuzo hizi, ili ipate haki ya kuonyesha, kisha inauza dakika za matangazo. Bei ya dakika hizo hufuata idadi ya watazamaji. Mwaka 1984, Michael Jackson alipobeba tuzo nane, Wamarekani zaidi ya milioni 51 walitazama. Mwaka 2021 walibaki kama milioni 8.8. Mwaka 2024 walipanda hadi karibu milioni 17. Anayesimamia kipindi anajua kwamba ukimletea mtu wa sebuleni tuzo ya mpangilio wa ala au ya muziki wa kwaya, rimoti iko mkononi mwake. Ukimletea nyota anayetumbuiza, hatoki. Ndiyo maana kila nikikitazama kipindi hicho naona tamasha lililochomekewa tuzo chache katikati ya nyimbo. Hata tuzo yenyewe, ile gramafoni inayometameta mshindi anayoinua jukwaani, ni ya kushikia tu mbele ya kamera. Yake yenye jina huandaliwa baadaye.

Kwetu watu wakishaona hivyo husema ni mchongo. Nami nina mashaka yangu, ila nayaweka mahali pake. Kura hupigwa na maelfu ya wanachama ambao wenyewe ni watu wa muziki, na kampuni ya ukaguzi wa hesabu ya Deloitte ndiyo inayohesabu. Pengo kubwa lilikuwa kwenye uteuzi: kwa miaka mingi, katika vipengele vingi, kamati za watu wachache wasiotajwa majina ndizo zilizoamua nani aingie kwenye orodha ya mwisho. Zilifutwa mwaka 2021, baada ya mwimbaji The Weeknd kukosa hata uteuzi mmoja ilhali wimbo wake ulikuwa umetamba dunia nzima, naye akalalamika hadharani. Kilichobaki ni uamuzi wa kipengele gani kionekane. Huo haupigiwi kura, na unaumiza.

Waulize watu wa rap. Mwaka 1989 Grammy waliwapa tuzo yao ya kwanza kabisa, halafu wakasema haitaonyeshwa kwenye runinga. DJ Jazzy Jeff na Fresh Prince, yaani Will Smith tunayemjua kwenye sinema, walishinda bila kuwepo ukumbini; walikuwa wamesusa, na Salt-N-Pepa walisusa pia. Ikapita miaka 35. Usiku ule wa Tyla, Killer Mike alishinda tuzo tatu za rap, ikiwemo ya albamu bora, zote mchana kabla ya CBS kuanza. Muziki umevaliwa, umechezwa na kuigwa kila pembe ya dunia, na bado albamu yake bora ya mwaka huo ilitangazwa kwenye ukumbi wa pembeni.

Kinachoniuma zaidi ni cha nyumbani. Tarehe 13 Februari 2011 wimbo wa Kiswahili ulishinda Grammy. Unaitwa "Baba Yetu", maneno yake ni Sala ya Bwana, na Mmarekani Christopher Tin aliutunga kwa ajili ya mchezo wa kompyuta wa Civilization IV. Ulikuwa muziki wa kwanza uliotungiwa mchezo wa kompyuta kupata tuzo hiyo, tena uliimbwa kwa lugha tunayosalimiana nayo kila asubuhi. Kipengele chake kilikuwa cha mpangilio wa muziki unaomsindikiza mwimbaji. Unajua tayari kilitolewa saa ngapi. Mimi nilikuja kuambiwa miaka mingi baadaye na mwanangu wa kiume, aliyekuwa akiucheza mchezo huo na kushangaa kusikia kwaya ikiimba "uliye mbinguni".

Siku hizi mimi na yeye tunakaa na simu saa tano na nusu usiku, tunaitazama hafla ya kwanza mpaka usingizi utushinde. Ile ya alfajiri tunasoma matokeo yake asubuhi, chai ikiwa mezani.