Ufafanuzi: Kilio cha usiku juu ya mti si cha kibwengo

Upo ujumbe wa siku nyingi unaoendelea kuzungushwa katika makundi ya WhatsApp hapa Dodoma, ukidai kwamba sauti ya mtoto anayelia nje usiku ni ya kibwengo, na kwamba atakayefungua mlango hatarudi. Dai hilo si sahihi.

Mara nyingi anayelia ni komba, mnyama wa usiku anayeishi mitini, ikiwemo migunga, na kula wadudu na utomvu. Komba wa aina ndogo ana uzito wa takriban gramu 200 tu, lakini huweza kuruka wima zaidi ya mita 2. Komba wa aina kubwa ndio hasa wenye kilio kinachofanana na cha kichanga. Ukitaka kuhakikisha, mulika tochi juu ya mti: utaona macho mawili yaking'aa, kwa kuwa nyuma ya jicho lake kuna utando unaorudisha mwanga, kisha ghafla yatahamia tawi jingine.

Hofu yenyewe inaeleweka, maana mliaji haonekani na sauti inatoka juu. Paka nao, wakati wa kupandana, huwachanganya watu vivyo hivyo.

Hadithi za vibwengo ziendelee kusimuliwa, zina utamu wake. Ujumbe huu ni jambo jingine, kwa sababu mtoto aliyetelekezwa naye hulia. Ukisikia kilio kutoka chini, mwamshe jirani au balozi wa nyumba kumi mtoke pamoja. Na ujumbe huo ukikufikia, tafadhali usiusambaze.