Kwa nini kidonge kimoja cha VVU hubeba dawa tatu?

Katika kliniki za Kisumu, wengi wanaoishi na VVU hupewa kidonge kimoja cha kumeza kila siku. Ndani yake mna dawa tatu: tenofoviri, lamivudini na dolutegraviri. Kwa nini tatu, isiwe moja iliyo kali? Sehemu kubwa ya jibu ililetwa na wanahisabati.

VVU huvamia seli za T zenye alama ya CD4, zile zinazoamrisha askari wengine wa kinga ya mwili. Kabla ya dawa hizi, madaktari waliona jambo la kutatanisha. Mgonjwa aliweza kukaa karibu miaka 10 bila kuugua, na kiwango cha virusi katika damu yake kilibaki karibu palepale mwezi baada ya mwezi. Wengi wakaamini virusi vimelala.

Sasa nenda asubuhi ufuo wa Dunga, kando ya Ziwa Victoria hapo Kisumu, usimame mbele ya meza ya mama samaki. Saa mbili ana ngege 40. Saa nne bado ni 40. Saa sita, 40 vilevile. Mpita njia atasema leo biashara imelala. Lakini mama huyo huenda hajapumzika hata dakika moja: anapara magamba, anafunga kwenye gazeti, anapokea pesa, na kila anapouza, boti inamletea wengine. Ukitaka kujua anauza kwa kasi gani, zuia boti kwa saa moja kisha uhesabu waliobaki. Wakibaki 10, basi 30 wameondoka.

Hivyo ndivyo walivyofanya daktari mtafiti David Ho wa New York na mwanahisabati Alan Perelson wa maabara ya Los Alamos, Marekani. Waliwapa wagonjwa 20 dawa mpya, ritonaviri, inayozuia virusi vipya visikamilike. Boti zikasimama. Virusi katika damu vikaporomoka, vikipungua kwa nusu kila baada ya siku mbili hivi. Matokeo yakachapishwa Januari 1995, pamoja na ya kundi la George Shaw wa Alabama lililofikia jibu lilelile. Mwaka uliofuata Perelson na wenzake walipima kwa karibu zaidi: nusu ya seli za T zilizoambukizwa hufa ndani ya siku moja na nusu hivi, na virusi bilioni 10 huzaliwa kila siku. Hapakuwa na usingizi wowote. Ilikuwa vita ya kila saa, na mwili ulikuwa ukiijibu kila siku kwa seli mpya hadi unapochoka. Mimi kila nikiisoma hesabu hii namwonea mwili huruma, na kuustaajabia.

Hapo ndipo swali letu linapata jibu. Maandishi ya urithi ya VVU yana herufi karibu 10,000, na kirusi kinapojinakili hukosea takriban herufi moja katika kila 30,000. Yaani kila nakala tatu, moja ina kosa. Zidisha kwa bilioni 10 kwa siku: kila badiliko la herufi moja linaloweza kutokea, hutokea mara nyingi kabla jua halijazama ziwani. Kama badiliko moja linatosha kuishinda dawa, basi mwasi yumo mwilini hata kabla ya kidonge cha kwanza. Ndiyo maana AZT, dawa ya VVU iliyoidhinishwa mwaka 1987, ilipotumiwa peke yake iliisha nguvu. Lakini kirusi kimoja kupata kwa mpigo makosa ya kukwepa dawa tatu tofauti ni bahati adimu mno. Kuanzia mwaka 1996 tiba ya dawa tatu ikaenea, na vifo vikashuka.

Basi mbona dawa haziachwi hata vipimo visipoonyesha virusi? Kwa sababu baadhi ya seli za T za kumbukumbu, zile zinazokumbuka maradhi yaliyopita, zimelala kweli, na VVU imejificha ndani yake. Dawa huzuia kirusi kinachojinakili, haikigusi kilicholala. Seli hizo hupungua kwa nusu kila baada ya miezi 44 hivi. Chukua kalamu: kutoka seli milioni moja hadi moja, unagawa kwa mbili karibu mara 20. Mara 20 kwa miezi 44 ni miezi 880, zaidi ya miaka 73. Mtu akisimamisha dawa, seli moja ikiamka inatosha kurudisha boti zote majini.