Dakika sita za wakili mwajiriwa

Wanafunzi wa sheria wakiniuliza wakili mwajiriwa hufanya nini hasa, hutarajia nianze na mahakama. Mimi huanza na kumbukumbu ya saa za kazi, kwa sababu humo ndimo kazi yako inamoonekana kwa anayeilipia.

Kampuni nyingi za uwakili zinazotoza kwa saa huigawa saa moja mara 10, yaani vipande vya dakika 6. Simu fupi kwa mteja ni 0.1, kusoma mkataba kwa dakika 54 ni 0.9. Kila kipande hukiandikia maelezo, na mteja huyakuta kwenye ankara. Wengi huandika: "Kupitia nyaraka, 3.5." Nyaraka zipi? Kutafuta nini? Linganisha na hili: "Kupitia barua za muuzaji na mnunuzi ili kubaini siku notisi ya kuvunja mkataba ilipopokelewa, kuandaa jedwali la tarehe." Hapo mteja anajua fedha yake imefanya nini, na gharama zikija kubishaniwa, una cha kuonyesha.

Andika papo hapo. Anayesubiri hadi Ijumaa hukisia, na si haki mtu kulipia makisio. Kuongeza saa ambazo hukufanya kazi ni jambo zito zaidi: ni udanganyifu, na unaweza kukufutia leseni. Nalisisitiza kwa sababu shinikizo lipo. Kampuni nyingi huweka lengo la saa za kutoza kwa mwaka, na kuna siku utakaa ofisini saa 10 ukapata 6 tu za kutoza. Zilizobaki, za mafunzo au ukaguzi wa mgongano wa maslahi (kuhakikisha kampuni haiwakilishi pande zinazopingana), ziandike kwenye safu ya kazi zisizotozwa.

Usijipunguzie saa kimyakimya pia, hata kama utafiti ulikuchukua muda mrefu kuliko ulivyodhani. Kupunguza ni uamuzi wa mbia, yaani mmoja wa wenye kampuni, anayesimamia jalada. Ukimficha, ataamini kazi ile ni ya saa 2, na mteja anayefuata atapewa makadirio yasiyotosha.

La mwisho ni usiri. Ankara inaweza kuishia mikononi mwa upande wa pili. Andika "utafiti kuhusu ukomo wa muda". Usiandike "utafiti kwa kuwa dai letu huenda limepitwa na muda".