Je, wajua kwa nini udongo wa fanya juu hutupwa upande wa mlima?

Kuna maneno mawili ya Kiswahili yaliingia kwa vitabu vya wataalamu wa udongo na hakuna aliyejisumbua kuyatafsiri: fanya juu. Mhandisi wa kule Ethiopia ukimtajia fanya juu anakuelewa mara moja, na pengine hajui neno lingine hata moja la lugha yetu. Na si jina la mtu wala la kijiji, ni amri tu ya shambani, yaani chimba mtaro ukikata mteremko, alafu ule udongo unaotoa utupe upande wa juu. Ndugu yake pia yupo, fanya chini, pale udongo unatupwa upande wa bondeni.

Sasa yeyote aliyewahi kushika sepetu lazima ajiulize, mbona nijitese? Si udongo wenyewe unapenda kwenda chini? Chukua mtaro wa kawaida, upana sentimita 60 na kina sentimita 60. Ukiupiga mita 100 umetoa mita za ujazo 36 za udongo, hizo ni zaidi ya tani 40, na zote umezirusha kwa mikono yako kuelekea mlimani. Atakayekuambia hiyo kazi ni nyepesi hajawahi kuifanya.

Jibu fupi ni kwamba unaumia mara moja ili maji yenyewe yakumalizie kazi. Jibu refu linaanzia kwa mvua.

Milimita moja ya mvua ni lita moja kwa kila mita mraba. Eka ni kama mita mraba 4,000, kwa hiyo mvua ya milimita 30, ile ya jioni moja tu ambayo hata hakuna mtu ataizungumzia kesho, imemwaga kama lita 120,000 kwa eka yako. Shamba likiwa tambarare na udongo una mboji, mengi yanazama. Likiwa la mteremko na udongo wa juu umeshafanya ganda gumu, mengi yanakimbia, na hapo shida si wingi peke yake ni mwendo, manake mwendo wa maji ukiongezeka mara mbili nguvu yake inaongezeka mara nne. Ndiyo maana ukitembea kwa shamba refu la mlimani baada ya mvua unaona pale juu udongo umepigwa pasi tu, maji yalipita hata hukuyaona, katikati vimefereji vya kidole, alafu pale chini korongo la kumeza mbuzi. Mvua ni moja, tofauti ni umbali yaliokimbia. Kwa hiyo cha kwanza ni kuyakatia safari iwe fupi fupi, yasipate nafasi ya kushika mwendo.

Hapa ndipo juu na chini zinaachana. Ukitupa udongo chini, ukishuka kutoka mlimani unakuta shamba, mtaro, alafu tuta. Maji yanakuja na tope lake yanatumbukia mtaroni kwanza, tope linakaa huko. Msimu ukiisha mtaro umejaa, unaingia unauzoa, mwaka unaofuata tena unauzoa, na shamba lako karibu liko vilevile, umekuwa mtu wa kuzoa matope. Ukitupa juu, mpangilio unageuka, unakuta shamba, tuta, alafu mtaro. Maji yanagonga tuta yanasimama, na maji yaliyosimama hayabebi kitu, yanaachia tope palepale nyuma ya tuta, ndani ya shamba. Yakizidi yakapita juu ya tuta ndiyo yanaangukia mtaroni, yanazama polepole na kulisha mimea ya kipande cha chini, yaani shamba lililo kati ya mtaro huo na unaofuata. Mvua nyingine inaongeza tabaka, jembe lako nalo kila ukilima linavuta udongo kidogo kuelekea bondeni, kidogo kidogo upande wa chini wa kipande unanyanyuka na wa juu unashuka, miaka inapita, siku moja unaangalia unaona mteremko umekuwa ngazi. Hakuna aliyekuja na tingatinga. Ni ule mmomonyoko wenyewe umefungiwa njia ukapewa kibarua.

Kazi yako inayobaki ni kila mwaka kutoa udongo wa mtaroni na kuupandisha juu ya tuta, kwa sababu tuta lisiponyanyuka tope likalifikia kichwa basi hakuna tena kinachozuiliwa. Na kati ya tuta na mdomo wa mtaro acha kijinjia cha sentimita 15 hadi 30. Watu wengi wanaona hiyo ni kupoteza nafasi, wanabandika tuta pale ukingoni kabisa, mvua ya kwanza tuta lote limerudi shimoni na wanaanza kusema fanya juu haifanyi kazi.

Sisemi fanya chini ni ujinga. Kazi yake ni nyepesi, na kwa mteremko mkali sana, au pale unataka tu kuyatega maji na kuyapeleka kando bila haja ya ngazi, ina nafasi yake. Lakini kama hamu yako ni shamba lisawazike, juu ndiyo juu.

Kuna kitu kingine watu hawaambiwi mapema alafu wanakuja kukasirika. Ule udongo unaotoka kina cha nusu mita si ule mweusi wa juu, mara nyingi ni mwekundu au wa manjano hauna rutuba, na msimu wa kwanza karibu na tuta mahindi yanaweza kutoka ya kusikitisha. Ukiweza, kwangua ule udongo mzuri kwanza uuweke pembeni alafu uutandaze tena ukimaliza. Baadaye mambo yanageuka kabisa, pale nyuma ya tuta panakuwa ndipo mahindi marefu kuliko kwingine kote maana tope zuri na unyevu viko pale, na sasa ni ile sehemu ya juu ya kipande iliyochunwa ndiyo inalia njaa. Mbolea ya samadi ipeleke huko juu, usiigawe sawa kama sadaka.

Mahali penye hadithi kubwa ya matuta haya ni Ukambani, mashariki mwa Kenya, na inafaa kujua kwa sababu inaonyesha mpango wa udongo unavyokufa na unavyofufuka. Miaka ya 1930 Machakos ya zamani, ile iliyojumlisha Makueni ya leo, ilikuwa na watu kama 240,000 na ilikuwa imechunwa mpaka maofisa wa serikali ya kikoloni wakaiona kama haina tiba. Tiba waliyoleta ilikuwa ya nguvu: ng'ombe wakakamatwa wapunguzwe, na mwaka 1938 Wakamba wakaandamana mpaka Nairobi wakiongozwa na Muindi Mbingu kuwadai ng'ombe wao. Baadaye watu wakasukumwa kuchimba matuta kwa lazima, na kitu cha kulazimishwa unakijua, mtu anachimba msimamizi akiwa hapo, akiondoka na sepetu inaondoka. Ni miaka ya 1950 ndipo fanya juu ilianza kushika, na iliyoibeba ni mwethya, vile vikundi vya Wakamba vya kusaidiana kazi, leo kwa fulani kesho kwako. Baada ya uhuru ikalegea kidogo, kisha kuanzia 1974 kukawa na mpango wa taifa wa kuhifadhi udongo uliosaidiwa na Uswidi. Kufikia 1990 eneo lile lile lilikuwa na watu milioni 1.4, karibu mara sita, na badala ya jangwa milima imejaa ngazi na miti. Watafiti waliofuatilia miaka hiyo sitini walishangaa maana hesabu za wengi zilikuwa zinasema watu wakizidi udongo unaisha. Mimi nadhani aliyekuwa anachimba hakushangaa hivyo, mtu akijua shamba ni lake na soko liko, anachimba.

Sasa tuje kwa mpango wenyewe, maana hapa ndipo mashamba mengi yanaharibikia, hata yale yenye mitaro mizuri.

Kosa la kwanza ni macho. Jicho linadanganya vibaya sana kwa mteremko, unaweza kuapa mstari uko sawa na kumbe unashuka nusu mita. Tuta likiwa na sehemu iliyobonyea, maji ya mstari wote yanakimbilia pale, yanajazana, yanapasua, na tuta lililopasuka ni baya kuliko shamba lisilo na tuta kabisa kwa sababu umeyakusanya maji ukayaachia mahali pamoja kama bomba. Dawa si ghali: kamba ya mita 10, pima maji ndogo, ile yenye kipovu ndani, ya kuning'iniza katikati ya kamba, fimbo mbili za urefu sawa zenye alama, na watu watatu. Wawili wanashika fimbo, wa katikati anasoma kipovu, yule wa mbele anapanda au kushuka mpaka kipovu kikae kati, hapo unapiga kigingi, mnaendelea. Ile fremu ya herufi A yenye kamba na jiwe nayo inatosha, ila ipime kwanza: isimamishe, weka alama pale uzi unapogusa, igeuze miguu ibadilishane nafasi, weka alama tena, na katikati ya alama mbili ndiyo sawa kamili.

Kosa la pili ni nafasi kati ya mtaro na mtaro. Mtu anaona kazi ni nyingi anaamua kuruka moja. Angalia hesabu hii, mteremko wa asilimia 15, yaani unashuka mita 15 kwa kila mita 100, nafasi inayofaa ni kama mita 12. Mvua ya milimita 30 ikinyesha kwa kipande cha mita 12 inaleta lita 360 kwa kila mita moja ya urefu wa mtaro kama hakuna kinachozama, na mtaro wa 60 kwa 60 unabeba lita 360 kwa kila mita. Zinalingana. Ukiruka mmoja umeleta lita 720, na hizo 360 za ziada hazitakuuliza zipite wapi. Kwa mteremko mpole wa asilimia 5 unaweza kwenda mpaka mita 20 hivi, na mteremko ukizidi sana acha kabisa mambo ya mahindi, panda miti au nyasi. Sheria za zamani za Kenya za matumizi ya ardhi zilikuwa zinakataza kulima mteremko uliozidi asilimia 35, na ukijaribu kusimama pale utaelewa kwa nini.

Kosa la tatu ndilo kubwa na haliko kwa shamba lako, liko kwa jirani wa juu. Ile hesabu ya lita 360 ni ya mvua iliyokuangukia wewe. Kama juu yako kuna mita 100 za shamba lisilo na kitu, mvua ile ile inaweza kukushushia mpaka lita 3,000 kwa kila mita ya mpaka wenu, na hakuna mtaro wa sepetu utakaobeba hizo. Ndiyo maana Kenya mwishoni mwa miaka ya 1980 ilibadilisha mtindo, badala ya afisa kumtembelea mkulima mmoja mmoja wakaanza kupanga mlima mzima pamoja, kuanzia kileleni mpaka mtoni, na kamati iliyochaguliwa na wenyeji wenyewe. Kileleni kunapigwa mfereji wa kukinga maji ya nje, na huo haulali sawa, unainamishwa kidogo tu, sentimita 25 hadi 50 kwa kila mita 100, ili maji yatembee bila kukimbia. Alafu unamwaga kwa njia ya maji iliyopandwa nyasi, na hiyo njia ndiyo inaleta kelele kwa mikutano, manake lazima ipite kwa shamba la mtu. Nani atatoa kipande? Mara nyingi inawekwa mpakani, kila upande ukatwe nusu, na nyasi wagawane. Lakini hii iongelewe kabla sepetu haijagusa ardhi, na nyasi ziwe zimeshika kabla maji hayajaelekezwa huko, la sivyo umemchimbia jirani wa chini korongo na urafiki umeishia hapo.

Kama mpango bado hauko, usianze na karatasi. Subiri mvua kubwa, vaa gambuti, toka nje ikinyesha, si baada ya kunyesha, na ufuate maji kuanzia pale yanapoingia shambani mpaka pale yanapotokea. Beba vigingi. Kila mahali yanapokusanyika piga kigingi, kila mahali yanapogeuka rangi kuwa ya chai piga kingine. Jua likitoka mwite jirani wa juu na wa chini muvione hivyo vigingi pamoja.

Na juu ya matuta panda kitu mara moja, wiki ile ile. Nyasi ya napia inashika haraka na ng'ombe wanaipenda, shida yake ni kwamba mizizi yake ina tamaa na mstari wa mahindi ulio jirani yake utanyonywa, kwa hiyo ikate mara kwa mara na ng'ombe upelekee nyasi zizini, usiwaachie wapande juu ya tuta kujihudumia.